Msuko wa Pokino

Asubuhi ya kwanza baada ya mazishi, Ngapoko alimkalisha mjukuu wake kwenye ngazi ya baraza, akashika chanuo, ndipo akagundua kwamba hajui pa kuanzia.

Tangu Maara aanze kuwa na nywele za kushikika, kichwa chake kilikuwa kazi ya babu yake. Pokino alikuwa msuka kamba, kamba za makumbi ya nazi zinazofunga mapaa na shoka na chochote mtu anachotaka kisifunguke, na alikwishasema kwamba katika nyumba hiyo mikono ya kusuka ni yake na mikono ya kupika ni ya mkewe, basi. Kila siku baada ya sala ya alfajiri babu alikaa juu na mtoto akakaa chini, katikati ya magoti, na Ngapoko jikoni akimenya taro, magimbi ya kwao, aliwasikia wakibishana habari za nguruwe. Hakuwahi kutoka kwenda kutazama vidole vinavyokwenda. Nani hutazama kazi ambayo mumewe anaifanya kila siku ya Mungu?

Sasa Pokino alikuwa palepale uani, hatua kumi kutoka kwenye ngazi, chini ya saruji ambayo haijapakwa chokaa, na paa dogo la bati juu yake ili asinyeshewe. Na mtoto alikuwa anangoja.

"Bibi, kengele," Maara alisema.

Kengele ya shule ilikuwa inalia kweli. Ngapoko alizikusanya zile nywele za singa, nyeusi, ndefu mpaka kiunoni, akazisuka mkia mmoja wa kawaida, akaufunga na mpira, akamwambia nenda. Mkia ukawa unacheza mgongoni mtoto akikimbia.

Hakulia siku ile, wala siku za mbele yake. Watu wa kanisani walisema mama huyu amejaliwa imani, nao walilisema kwa heshima. Yeye alijua kwamba si imani. Ilikuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu ukafa ganzi: unaukanyagia, unaona upo, lakini si wako. Chakula kilishuka bila ladha. Maneno ya sala yalitoka. Kwa kuwa hakuzoea kumdanganya Mungu, alimwambia waziwazi usiku na mchana, "Bwana, sisikii kitu," akasema amina, akaenda kulisha nguruwe.

Kilichobaki kilikuwa nywele. Kisiwani kwao Mauke, mtoto wa kiume aliyewekewa nywele hakatwi hata ncha mpaka siku yake. Siku hiyo nywele hugawanywa mashungi, kila shungi hufungwa utepe, na kila shungi lina mwenyewe. La kwanza la mchungaji, la pili la mjomba, halafu koo zote, na wale waliohamia ng'ambo. Mtu anayekata shungi huleta alichonacho, bahasha au mkeka au nguruwe, na tangu hapo yeye na mtoto yule ni wa kufaana mpaka kufa. Sasa nywele zikikatwa kabla, kwa chawa au kwa uzembe, siku haipo. Watu wataambiwa nini? Njooni mkate hewa?

Siku ya Maara ilipangwa Pokino akiwa bado mzima: Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi na moja. Jioni moja mzee alikaa na mkewe, wakataja watu mmoja mmoja, na kwa kila mtu Pokino akapiga fundo kwenye uzi wa makumbi, maana karatasi, alisema, huliwa na mende. Mwezi wa saba akaanguka. Araiti, mtoto wao ambaye ndiye baba wa Maara, alipiga simu kutoka Auckland, ng'ambo walikohamia yeye na mkewe, akiuliza kama siku iahirishwe, na mzee akakataa kwa kichwa. Katika siku zake tatu za mwisho hakuwa na maneno mengi. Moja alilomwambia mkewe akalielewa vizuri lilikuwa hili:

"Nywele zifike."

Basi Ngapoko hakuwa na jingine la kuangalia duniani ila hilo, na hata hilo aliliangalia kama mtu anayelinda mzigo wa mwenzake bandarini.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, simu ililia. Alikuwa Mwalimu Nooroa. Alisema mama njoo na mafuta, usiniulize, njoo tu. Ngapoko alichukua chupa ya mafuta ya nazi, akavaa kofia yake ya ukindu, akapanda pikipiki, akaenda.

Alimkuta Maara amesimama kwa ncha za vidole kando ya bembea, kichwa kimeegemea mnyororo. Mkia umemezwa na pete mbili za chuma, zimeubana kama mdomo wa kaa. Shule nzima imemzunguka. Mwalimu Nooroa, msichana mpole wa kijiji cha pili, alikuwa ameficha mkasi nyuma ya mgongo wake kama mtu aliyefumaniwa.

"Mkasi ninao, Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini nikikata hapa nimekata shungi la kwanza. La kwanza si la mchungaji? Jumapili nitamtazama na macho gani?"

Mtoto mmoja nyuma akasema basi Maara apelekwe kanisani na bembea yake. Wote wakacheka. Maara naye akacheka, halafu akaacha, maana kucheka kulivuta.

Ngapoko alipiga magoti mchangani. Alimimina mafuta, akaanza kutoka nchani kwenda juu, unywele kwa unywele, akimwambia mtoto asigeuze shingo. Kengele ya kumaliza mapumziko ikalia, watoto wakaingia, naye bado. Saa nzima. Mwishowe mnyororo ulibaki na kishungi kidogo tu, cha kutosha kutengeneza brashi ya rangi. Alikikusanya akakifunga kwenye leso.

Wakati wote huo mikono yake haikutetemeka, na hilo ndilo alilorudi nalo nyumbani akilifikiri. Bembea ile ingekwenda kidogo tu zaidi, shingo ya mtoto ingevunjika. Aliyajua hayo kama anavyojua bei ya unga. Hayakumchoma popote.

Mwalimu Nooroa hakumlaumu. Alisema tu kwamba kuanzia kesho nywele inayoning'inia haitoki nje. Itakaa darasani na mwalimu wakati wenzake wanacheza.

Kwa Maara hiyo ilikuwa jela. Mtoto wa miaka sita ambaye huamka tayari anakimbia, ambaye mti wowote wenye tawi ni ngazi kwake, akae kwenye dawati atazame mpira dirishani. Siku ya kwanza alivumilia. Siku ya pili aliuliza kama siku yake haiwezi kuwa kesho. Siku ya tatu alisema, akiwa anakula, kwamba atautafuta mkasi mwenyewe. Hakusema kwa hasira. Ngapoko aliingia ndani, akaukuta mkasi wa kushonea, akauweka juu ya kabati la Biblia. Halafu akaanza kujaribu.

Alimfunga fundo juu ya utosi. Likawa zuri, likakaa mpaka mpira wa kwanza wa kichwa. Wifi yake Tepaeru, dada wa Pokino, mwanamke wa ulimi, alipita akasimama langoni.

"Wifi, huyo ni mtoto au nanasi?"

Alimsuka mikia miwili, huku na huku. Wenzake wakaigeuza hatamu, wakamwendesha uwanja mzima kama farasi, akarudi na shingo inauma. Alizibana nywele kwa chupio, vipini vyeusi vya chuma kumi na viwili. Maara alipoanguka kwenye matumbawe kimoja kilimchoma nyuma ya sikio, damu ikamfika begani. Akaviondoa vyote. Alimsuka kwa nguvu sana mpaka nyusi zikapanda, mtoto akawa anaonekana kama anashangaa tangu asubuhi mpaka jioni. Usiku kichwa kikamuuma, na baada ya siku mbili vipele vidogo vikatoka kwenye paji la uso.

"Unamchuna ngozi," Tepaeru alisema. "Kaka yangu alikuwa na mikono kama magogo, lakini huyu mtoto hakuwahi kulia kwenye ngazi hii."

"Basi msuke wewe."

"Mimi? Mimi hata nguruwe simfungi akafungika." Tepaeru alikaa chini, akavua kandambili. "Hukuwa unamtazama?"

Ngapoko alisema hapana.

Juu ya msumari wa baraza kulikuwa na kamba ambayo Pokino hakuimaliza. Ilikuwa nyembamba, bapa, kama ukili wa mkeka, urefu wa mikono minne, na mwisho wake ulikuwa wazi, umeachwa kama na mtu anayekwenda kunywa maji mara moja. Tangu mazishi hakuna aliyeigusa. Wageni waliokuja kuhani waliinama kidogo kuipita. Ngapoko aliitazama siku ile, halafu akainuka, akaitoa msumarini, akakaa nayo. Tepaeru akaelewa analotaka kufanya.

Alianza kuifumua. Alifumua taratibu, pindo kwa pindo, akitazama kila uzi ulitoka wapi na ulipita juu ya upi. Kazi ya mwisho ya mikono ya mumewe ilikuwa inageuka manyoya ya makumbi mapajani mwake. Alingoja aumie. Hakuumia. Aliendelea kufumua mpaka akaijua njia, na kamba ikabaki mikono mitatu, halafu miwili, halafu moja. Tepaeru aliondoka bila kuaga.

Kesho yake alimwita Maara mapema zaidi. Alianza nyuma ya shingo, nywele zote pamoja, kama kamba inavyoanza.

"Si hapo," mtoto alisema. "Babu alianzia hapa." Akaweka kidole juu ya paji lake. "Halafu anaokota kidogo huku. Halafu kidole gumba kinapita, kinakanyaga."

"Wewe ulikuwa umempa kisogo. Umeonaje?"

"Sikuona. Kichwa changu kinajua."

Basi wakafanya hivyo, bibi akiwa na macho yaliyofumua kamba na mtoto akiwa na kichwa kinachokumbuka. Mtoto alisema hapo umeokota nyingi. Alisema hapo umeruka. Walipofika kisogoni alisema, "Na hapa babu anavuta pumzi."

"Anavuta pumzi ya nini?"

"Sijui. Anavuta tu."

Ngapoko hakuvuta pumzi yoyote. Alisuka mpaka mwisho, akakunja ncha kwa ndani chini ya msuko wenyewe, akaishikiza kwa ukanda wa shuka kuukuu, bila mpira, bila chuma. Aliposhusha mikono, nywele zote za miaka sita zilikuwa zimelala juu ya fuvu la mtoto, bapa, hazina pa kushikwa. Alimwambia atikise kichwa. Maara akatikisa kama mbwa aliyetoka majini. Hakikuning'inia kitu.

Mwalimu Nooroa aliupapasa ule msuko kwa kiganja, akautafuta mwisho wake asiuone, akamruhusu atoke.

Polepole Ngapoko akajifunza na mengine. Nywele mbichi haifungwi. Inatoa harufu na inakatika. Jumamosi zioshwe, zianikwe juani mtoto akila embe, ndipo zipakwe mafuta. Chanuo lianze nchani. Pembeni mwa paji pasukwe kwa kulegeza. Nyusi zikipanda, fumua urudie. Kabla ya kulala msuko ufunguliwe, kichwa nacho kipumzike. Maara alipanda miti, akaanguka kwenye miti, akaogelea mapangoni, akacheza raga na wakubwa wake, na jioni bibi alipofungua ule ukanda nywele zilishuka zote. Alizishika kwa uzito wake mkononi. Zipo, alisema moyoni. Na siku nyingine ikaisha.

Araiti na mkewe walifika Alhamisi kwa ndege ndogo. Ijumaa wanawake walipasua majani ya taro na kuchemsha viazi vya saladi, wanaume wakachimba shimo la kuokea. Jumamosi asubuhi Ngapoko alimkalisha Maara kwenye ngazi kwa mara ya mwisho. Araiti alikuwa na orodha kwenye karatasi kutoka kwa katibu wa kanisa, lakini mama yake aliuchukua uzi wa mafundo ndani ya Biblia, akaupitisha katikati ya vidole: fundo moja, shungi moja, utepe mmoja. Hakuhesabu. Pokino alikwishahesabu. Uzi ulipoisha nywele nazo zilikuwa zimeisha sawasawa, hakuna hata moja iliyozidi, akaona hiyo ndiyo kazi aliyopewa, imekwisha.

Kiti kiliwekwa ukumbini, kimefunikwa tivaivai, shuka la maua ya viraka alilolishona Ngapoko mwenyewe kwa miaka miwili. Maara aliketi juu yake katika shati jeupe, shada la maire, majani ya kunukia, shingoni, tepe za rangi zikimning'inia pande zote. Mchungaji aliomba, akakata la kwanza. Mjomba akakata la pili. Shemasi Tuakeu ndiye aliyekuwa mwendesha shughuli, na hakumwacha mtu apite salama. Aliyekuwa na bahasha nyembamba aliambiwa akate kwa upande butu wa mkasi. Kipara mmoja aliombwa asiondoke na shungi lake kichwani. Watu walicheka, ngoma zikapigwa, kila mkataji akacheza kidogo akirudi mahali pake. Mwalimu Nooroa alipoitwa alisema safari hii mkasi hatauficha. Ngapoko alikaa mstari wa mbele, mikono mapajani. Aliona kichwa cha mjukuu wake kikipungua.

Tuakeu akasoma jina la arobaini, la mwisho. Tepaeru akaenda akakata, akacheza, akarudi. Tuakeu akaikunja karatasi.

Kisogoni mwa Maara lilikuwa limebaki shungi moja, lina utepe wa buluu.

Tuakeu akaifungua karatasi tena. Akaigeuza upande wa pili. Akauliza nani hajaitwa, hakuna aliyenyanyuka. Ngoma zikanyamaza. Araiti alisogea akamwambia mama yake kwa sauti ndogo kwamba wamekosea kugawa, haidhuru, yeye atalikata, na Ngapoko akauingiza mkono mfukoni, akautoa ule uzi, akaupitisha katika vidole polepole, safari hii akihesabu. Mafundo yalikuwa arobaini na moja. La mwisho lilikuwa kubwa kuliko mengine, limepigwa mara mbili.

Tepaeru aliliona. "Amejiweka," alisema. "Kaka amejiweka wa mwisho."

Neno likapita ukumbini mstari kwa mstari. Mchungaji alikuja akasema taratibu kwamba mjane anaweza kukata kwa niaba ya mumewe, ni halali kabisa, na akampa mkasi. Ngapoko alikwenda mpaka nyuma ya kiti. Alilishika shungi. Watu walikuwa wanamngoja alie. Aliwaona wanavyongoja, wengine leso tayari. Alingoja pamoja nao. Hakikuja kitu.

"Bibi," Maara alisema bila kugeuka, "babu hakati. Babu anasuka."

Ngapoko aliuweka mkasi juu ya tivaivai. Alifungua utepe wa buluu. Shungi lilikuwa jembamba, lakini akaligawa, akaanza juu, karibu na ngozi, akipitisha na kukanyaga kwa kidole gumba, watu mia moja na zaidi wakimtazama. Katikati ya msuko, mahali palepale, kifua chake kikajaa hewa chenyewe, akavuta pumzi ndefu, yenye sauti, akaitoa.

"Ndiyo hivyo," mtoto alisema.

Alisuka mpaka ncha, akaufunga mwisho kwa uzi wa mafundo, kisha akauchukua mkasi, akaukata msuko juu. Msuko ukabaki kiganjani mwake, bapa, urefu wa mkono mmoja. Ngoma zikaanza tena. Aliporudi kukaa, Tepaeru alimsogezea sahani ya nyama na taro, akala, na alipokuwa anakula akaona kwamba nyama imetiwa chumvi nyingi. Akamwambia Tepaeru. Tepaeru akasema ndiyo, kila mtu ameona, mpishi ni shemeji yake Tuakeu, unategemea nini.

Nyumbani aliutundika msuko kwenye msumari wa baraza, mahali ilipokuwa kamba.

Jumatatu baada ya sala alitoka na chanuo mkononi kabla hajakumbuka. Maara naye alikuwa amekwisha kukaa kwenye ngazi, amempa bibi mgongo, anatazama kaburi na kuku wanaokwaruza kandokando yake. Kisogo chake kilikuwa cheupe kuliko uso. Ngapoko aliketi juu. Aliweka chanuo kando, akamimina mafuta kidogo, akampaka kichwani kwa kiganja, kutoka kwenye paji mpaka shingoni, njia ileile.

"Mkono wako baridi, Bibi."

"Najua. Tulia."

Kengele ikalia. Mtoto hakuinuka mpaka alipomaliza.